Kijidudu Kilichopiga Hodi

Maji ya wali yalikuwa yanachemka bure. Mpishi mkuu, mama mmoja wa kwaya mwenye sauti nzito, alifunua sufuria, akachungulia, akafunika tena, kisha akanitazama mimi kana kwamba mchele umo mkobani mwangu. "Huyo mwenzenu wa Kamsamba anakuja kwa miguu?" Nikamwambia Skola yuko njiani, amepiga simu akiwa Mlowo. "Mlowo saa ngapi?" Nikajifanya nachochea moto, maana ilikuwa asubuhi, na sasa jua lilikuwa limeshavuka paa. Tulikuwa nyumbani kwa Mwalimu Nzunda, huku Iyula, sisi aliotufundisha baiolojia tukiwa kidato cha tatu. Tulikuja kumpongeza kwa kustaafu. Mbuzi alishachinjwa, ndizi zilishamenywa, wasemaji walishagawana zamu za kusema, na wali wote wa shughuli ulikuwa juu ya kichwa cha mtu mmoja ambaye tangu usichana wake hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Mwalimu mwenyewe alikaa chini ya turubai na kofia mpya tuliyomnunulia, imemshuka mpaka kwenye nyusi. Nilipokwenda kumsalimia, alinishika mkono akawa hauachii. "Subira. Bado unazurura?" Nikamwambia bado, Mwalimu. Nilishauza vitenge Mbala, nikauza Kasama, nikakaa Lubumbashi mpaka nikaanza kuota kwa Kiswahili cha kule, nikarudi Sumbawanga, na sasa nina kibanda Tunduma karibu na mpaka, ingawa wateja wangu wamezoea kuuliza kwanza nimehamia wapi ndipo waulize bei. Akasikiliza yote hayo kwa makini. "Vizuri," akasema. "Mwili bado mzima." Kijana aliyekuwa akimmiminia soda alimwangalia, akaniangalia mimi, akadhani mzee anaulizia afya yangu. Mimi nilielewa. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, mahali penye moshi na harufu ya vitunguu, na wakati tunamngoja Skola mwaka ule wote wa kidato cha tatu ukanirudia.

Wakati ule huku kulikuwa hakujaitwa Songwe, sote tulikuwa watu wa Mbeya. Tulikuwa wasichana watatu tuliopanga chumba kimoja cha uani kwa Bibi Eliza, mjane aliyelima kahawa na mahindi, kwa sababu makwetu kulikuwa mbali na shule. Tusekile alitoka Mbebe, kule milima ya Ileje, msichana mtaratibu ambaye hata kikombe alikiweka chini kama anakilaza. Skola alitoka Kamsamba kwenye joto, na kwa mwaka mzima hakuvua sweta hata akilala. Mimi wa tatu. Kitanda kilikuwa kimoja na mkeka mmoja, tukalala kwa zamu. Upande wa pili wa chumba palikuwa na magunia ya kahawa iliyokaushwa, nasi tulinukia kahawa mpaka kwenye madaftari. Kila likizo ikiisha Skola alirudi na mchele, Tusekile na viazi na maharage, mimi na dagaa wadogo wa Zambia ambao watu wa mpakani wanawaita kapenta. Siku za mwanzo wa muhula tulikula kama maharusi. Mwisho wa muhula tulikula ugali kwa maparachichi ya Bibi Eliza, na tulikuwa na furaha ileile.

Ukuta kati yetu na Bibi haukufika paani. Alisikia kila kitu, nasi tulisikia kila kitu chake: sala, kikohozi, na redio iliyokuwa ikikwaruza kama kuku. Sisi tukisoma kwa sauti, yeye alichangia kutoka upande wa pili bila kualikwa. Usiku mmoja Tusekile alikuwa akikariri kwamba seli nyeupe ya damu humzunguka mdudu, hummeza, humsaga. Sauti ikaja juu ya ukuta: "Nani kamezwa?" Tusekile akajibu kwa adabu, "Mdudu, Bibi." Bibi akakohoa. "Basi funikeni chakula chenu." Tulicheka mpaka Skola akaanguka mkekani, na Bibi akauliza tunacheka nini, mdudu akiingia kwenye chakula si jambo la kucheka.

Mimi sikuweza kukaa. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Ijumaa ikifika miguu ilinichemka, na lori lolote la mahindi au kahawa lililokuwa linateremka kwenda barabara kuu niliona kama linaniita kwa jina. Sikuwa na mvulana Tunduma, wala sikuwa na biashara. Nilikwenda kuangalia. Nilisimama penye foleni ya malori nikasoma maandishi ya ubavuni, nikasikiliza madereva wakigombana kwa lugha nisizozijua, nikavuka na akina mama upande wa Nakonde, nikawasalimu mafundi cherehani kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," wakanijibu "Bwino" na kunicheka kwa jinsi nilivyolitamka. Jumatatu nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa na vumbi la Tunduma magotini. Mkuu wa shule, mtu mrefu aliyependa kuongea na sisi akiwa ameangalia dirishani, aliniuliza mara moja: "Jina lako Subira. Nani alikupa?" Nikamwambia bibi yangu. "Mpe pole," akasema.

Katika safari moja ya namna hiyo nilijikwaa kwenye reli, ukucha wa kidole gumba ukang'oka nusu. Nilifunga kitambaa nikaendelea kutembea, na baada ya siku chache nikawa nachechemea, si kwa ajili ya kidole bali kwa ajili ya mtoki uliovimba kinenani kama kiazi cha Mbebe. Bibi Eliza alinikanda kwa maji ya moto. Mwalimu Nzunda aliniona nikiingia darasani kwa kuvuta mguu. Alikuwa kijana bado, shati moja la mistari, kifimbo cha kuonyeshea mchoro ubaoni ambacho hakupiga nacho mtu. Akaniuliza nini, nikamwambia kidole. "Kidonda kiko kidoleni. Sasa mbona uvimbe uko huku juu? Nani alipeleka habari?" Hakuna aliyewahi kujiuliza. Sote tulikuwa tumeota mitoki tangu utoto, tukajua tu kwamba ukijikwaa chini utavimba juu, kama vile unavyojua kwamba ng'ombe ana pembe.

Mada ile haikuwa kwenye mtihani wetu, ilikuwa kwenye kitabu kinene alichosomea chuoni, ambacho alikibeba kwapani kila siku kama mkate. Aliweka chaki chini akasimulia. Alisema chini ya ngozi kuna seli zisizotulia. Zina mikono mingi kama matawi, zinazunguka huku na huku, zinaonja kila kitu. Zikimkuta mgeni zinammeza, zinamkata vipande vidogo, halafu zinaacha kila kitu na kusafiri mpaka kwenye tezi: za kinenani, za kwapani, za shingoni. Huko kwenye tezi ndiko seli T, jamii ya seli nyeupe za damu, zinakopita kwa maelfu, na kila seli T imezaliwa ikijua umbo moja tu la kipande. Umbo moja, basi. Mwili unazitengeneza za kila namna kabla ya kujua ni adui gani atakuja. Seli yenye matawi inakishika kipande ikakionyesha, seli T zinapita, zinaangalia, si changu, si changu, si changu, mpaka afike yule ambaye kipande ni chake. Huyo ndiye anayezaana. Mtoki wako, akaniambia, ni mkutano. Ni watu wengi wamekusanyika kinenani kwako kwa sababu kuna mmoja alitoka kidoleni na habari.

Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Mwalimu, seli inaweza kukaa maisha yote inangoja kipande kimoja?" Mwalimu akasema inaweza, na nyingi hufa hazijakiona. Tukasikitika kidogo. Kisha jirani yake akasema, "Kama wewe na mchumba," na darasa likavunjika mbavu. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa bado nipo kwenye ile seli yenye matawi, isiyotulia, inayoonja kila kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu mzima, tena mwalimu, akizungumzia kiumbe cha namna hiyo bila kukikaripia.

Wiki ileile Mkuu wa shule aliniita. Aliongea na dirisha. Alisema amechoka, kwamba siku ya wazazi baba yangu atakuwepo, na mbele yake atanikabidhi nirudi naye nyumbani moja kwa moja, nafasi yangu apewe mtu anayejua kukaa. Nyumbani maana yake ilikuwa jembe mpaka niolewe, na mtu kama mimi kumfungia shambani ni sawa na kumfungia kuku ndani ya gunia. Tusekile alilia kwa niaba yangu. Skola alipika wali wote uliobaki, akasema mtu asifukuzwe shule na njaa juu. Juu ya ukuta Bibi Eliza aliuliza, "Anafukuzwa nani?" Usiku ule hakufungua redio.

Aliyenisaidia ni Mwalimu Nzunda, na alinisaidia kwa njia yake. Alimwendea Mkuu akamwambia anataka kufanya mchezo siku ya wazazi, kuwaonyesha namna mwili unavyojilinda, na kwamba mhusika mkubwa ni mimi. Kama nikikosa zoezi hata moja, au mchezo ukiharibika, basi baba aondoke nami. Kama ukienda vizuri, azungumze tena na Mkuu. Mkuu alikubali, nadhani kwa sababu hakuamini. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kuwa seli yenye matawi, nikafungwa kanga mikononi ziwe matawi yangu.

Tulifanya mazoezi kila jioni kwenye ukumbi ambao haukuwa umemalizwa, hauna dari wala vioo vya madirisha, upepo wa mwezi wa saba unapita humo kama una haraka. Wavulana warefu walishikana mikono kuwa ngozi, na mahali pamoja waliachiana, pakawa kidonda. Skola alikuwa kijidudu, kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa macho. Darasa lote lililobaki lilikuwa seli T. Shida ikawa namna ya kuonyesha kwamba kila moja inatambua umbo lake. Mimi ndiye niliyesema vitenge. Mafundi wa Nakonde wana marundo ya vipande wanavyovitupa, kila pambo duniani limo, na Jumamosi moja, kwa ruhusa safari hii, nilikwenda nikarudi na mfuko. Kila seli T ikajifunga kipande chake kifuani, hakuna wawili waliofanana. Skola alibeba kichwani furushi la kitenge cha manjano chenye mikia ya tausi. Tusekile peke yake ndiye alikuwa na kipande cha tausi.

Mwalimu alikuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza, kipande lazima nikionyeshe kwa mikono miwili, nimekiweka juu ya viganja, kama unavyompa mkubwa kitu. Seli T haiokoti kitu chini, alisema, inataka kuonyeshwa. La pili lilikuwa debe. Palikuwa na debe kuukuu pembeni, na mimi nikishaonyesha kipande nilitakiwa kulipiga, kama watu wanavyopiga debe kijijini mwizi akionekana. "Kipande peke yake hakitoshi," alituambia tena na tena. "Ishara ya kwanza ni kipande. Ishara ya pili ni kelele ya hatari. Bila ya pili, seli T haiinuki. Tena ikionyeshwa kipande bila kelele inakufa ganzi, hata ukija kuiita baadaye haina hamu." Tukamuuliza kwa nini mwili unajisumbua hivyo. Akasema kwa sababu si kila mgeni ni adui. Chakula ni kigeni. Vumbi la maua ya kahawa ni geni. Ukiwa na askari wanaoinuka kwa kila kitu wataichoma nyumba yenyewe. Hata kabla hazijatoka kazini, seli T hupitia shule iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na yoyote inayompiga wa nyumbani inafelishwa hukohuko. Akaapa kwamba atakayeinuka bila debe kulia atafyeka nyasi za shule mpaka amalize kidato cha nne.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Akina mama walikaa mbele kwenye mikeka na vitenge vyao vya kanisani, wazee kwenye madawati nyuma. Baba alikuwa kwenye dawati la ukutani, koti limefungwa vifungo vyote, na pembeni yake Mkuu wa shule. Niliona Mkuu anainama kumwambia kitu, baba anatikisa kichwa polepole. Bibi Eliza alikuwa mstari wa kwanza. Mwalimu alisimama akasema maneno mafupi: hawa ni ngozi, hapa pana kidonda, tazameni kitakachoingia.

Skola akaja. Wiki zote za mazoezi alikuwa akipita kwenye kile kidonda kwa kunyata, macho huku na huku, anaingia kama mwizi. Lakini alipofika mlangoni na kuona wazee wote wale wamekaa wanamwangalia, malezi yakamshinda. Hakuweza. Alisimama pale kidondani, furushi kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Hodi."

Ukumbi mzima ukaitikia: "Karibu!"

Mwalimu alifumba macho. Nafikiri hata hapo mambo yangeweza kuokolewa, lakini Bibi Eliza alikuwa ameshasimama. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu amesimama mlangoni na mzigo kichwani asimpokee. Aliivuka mikeka, akalishusha lile furushi kwa mikono miwili, "Pole mwanangu, pole na safari," akatazama kushoto na kulia atafute kiti, hakukuwa na kiti. Palikuwa na debe. Akaligeuza, akalipangusa kwa pindo la kitenge chake, akamkalisha kijidudu juu ya ishara ya pili. Kisha akaagiza maji. Mama mmoja akatoa chupa yake.

Kicheko kilianza nyuma, kwa wanafunzi, kikaja mbele. Wazee hawakuelewa kinachochekesha. Mimi nilikuwa nimesimama katikati na kanga zangu mikononi, na nilikuwa namwona baba. Alikuwa ameshika ukingo wa dawati kama mtu anayejiandaa kuinuka. Mkuu wa shule, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa akiangalia dirishani. Alikuwa akiniangalia mimi.

Nilikwenda kwa Bibi nikapiga goti. "Bibi, naomba kipande kwenye mzigo huo." Akaukumbatia. "Mzigo wa mgeni haufunguliwi, Subira. Nani kakufundisha hivyo?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema, "Bibi, ncha tu inayoning'inia," na kabla hajajibu nikaichana. Alinipiga kofi la mkononi, mbele ya wazazi wa kata nzima. Nikaenda kwenye seli T, nikakiweka kipande kwenye viganja vyangu, nikaanza kupita. Si changu, wanasema. Si changu. Si changu. Nilikwenda polepole kuliko mazoezini, maana nilijua mwisho wa mstari yupo Tusekile, na nikimwonyesha Tusekile kipande bila kelele itabidi afe ganzi, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na Tusekile alikuwa mtu wa kufanya alichofundishwa. Atakaa. Mchezo utakwisha. Nilipokuwa nimebakiza wawili nilimwona, macho yametoka, anaangalia debe lililokaliwa. Nikafunga viganja. Nikageuka nyuma.

Sikujua nitasema nini mpaka nilipofika mbele ya Skola. Alikuwa anakunywa maji, maskini, kwa sababu mtu amempa maji na huwezi kukataa maji. Nikangoja amalize, nikamrudishia mama chupa yake. Ndipo nikakumbuka kwamba hata kwetu mgeni akishakaa na kunywa, kuna jambo huulizwa.

"Mgeni," nikamwambia, "pole na safari. Umekuja kwa heri au kwa shari?"

Skola aliniangalia. Tulilala mkeka mmoja, nilimwona alivyonielewa, tone la maji likiwa bado kidevuni. Akajinyoosha pale kwenye debe. "Kwa shari," akasema.

"Nimekuja kuzaa," akasema, sasa kwa sauti ya kijidudu, ile ya mazoezini. "Nitazaa humuhumu, watoto wengi kuliko punje za mpunga wa Kamsamba. Watakula nyumba hii kuanzia kidoleni mpaka kichwani. Mwenye mwili atalala kitandani, na sisi tutahamia kwa jirani."

Bibi Eliza alikuwa bado ameshikilia furushi. Aliliangalia, akaliachia likaanguka. "Kumbe," akasema. "Na maji yetu umekunywa." Akamshika Skola bega. "Nyanyuka kwenye debe." Skola akanyanyuka. Mimi nilinyoosha mkono kulichukua, lakini Bibi aliniwahi. Alivua ndala yake moja, akalinyanyua debe juu, akalipiga kwa ile ndala kwa nguvu za mtu aliyefukuza nyani wa mahindi maisha yake yote. Sauti ilipanda mpaka nje. Mbwa walibweka. "Na nyinyi askari," akawaambia seli T, huku akipiga, "mnangoja nini hapo?"

Nilikimbia na viganja vyangu mbele, nikamfikia Tusekile, nikamwonyesha. Tusekile, ambaye kikombe alikilaza, aliruka kama amechomwa na moto. "Changu!" Akamgusa jirani yake, naye akapokea kitambaa cha tausi, akawa pacha wake, akamgusa wa pili, wa pili wa tatu, kama tulivyozoea. Jambo ambalo hatukuwa tumelizoea ni kwamba mwaka ule kile kitenge cha tausi kilikuwa kimeuzwa sana Tunduma. Kwenye mikeka ya mbele akina mama kadhaa walijiangalia vifuani, wakakikuta, nao wakasimama. Jeshi likawa kubwa kuliko tulilolifanyia mazoezi. "Ndivyo zinavyozaana!" Mwalimu Nzunda alikuwa anapaza sauti juu ya debe, amesahau hotuba yake yote, kifimbo hewani. "Zinatoka kwenye tezi, zinafuata damu, zinarudi kidondani! Nyingine zinaua zenyewe, nyingine zinawaambia wenzao watengeneze kingamwili! Na vita ikiisha wachache wanabaki, wazee, wamekitunza kipande! Akirudi mara ya pili hawangoji siku nyingi!" Skola aliviringishwa nyuzi tulizozifanya kingamwili mpaka akabaki macho, akatolewa kwa pale alipoingilia. Alipofika nje tulimsikia anasema, "Jamani sweta langu."

Baada ya wageni kula, Mkuu aliniita mbele ya baba. Niliona mashavu yake yamebadilika, kama mtu aliyecheka kwa siri na bado hajamaliza. Alisema, "Mzee, nilikuwa nimekuita nikukabidhi mtoto. Hakai. Kila wiki Tunduma." Baba alisema anajua. Alisema hata nyumbani, tangu nimeanza kutambaa, wananipata kwa watu. "Tulidhani ni ugonjwa," akasema baba kwa unyenyekevu, kofia mikononi. Mwalimu Nzunda alikuwa nyuma yao, kitabu kwapani. Hakuulizwa lakini alijibu. "Si ugonjwa, Mzee. Ni kinga. Mwili usio na wa kuzurura huingiliwa usijue." Mkuu alimwangalia, akaniangalia, akageukia dirisha ambalo halikuwa na kioo. "Abaki," akasema. "Ila kuanzia Jumatatu, akitoka, atoke kwa kutumwa." Na kweli alinituma. Chaki Vwawa, mipira, mbegu za bustani, barua za posta, hata dawa za mke wake. Kwa muda uliobaki hapakuwa na mtu shuleni aliyetembea kama mimi, na nilimaliza kidato cha nne na wenzangu. Bibi Eliza alikataa kabisa kwamba aliharibu mchezo. Mpaka anafariki, akiwa mzee sana, alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyewaamsha askari.

Haya yote nilikuwa nayo pale kwenye ngazi ya jikoni wakati mpishi mkuu alipofunua sufuria kwa mara nyingine akasema sasa atapika ugali, liwalo na liwe. Ndipo geti lilipolia. Skola alikuwa amesimama katikati ya geti, mnene siku hizi, jasho linamtiririka, sweta mwilini, na kichwani gunia la mchele lililofungwa kwa kitenge. Gari lililomleta lilikuwa linageuza nyuma yake. Aliwaona watu wote waliokaa chini ya turubai, wakubwa wamevaa suti, wachungaji, wenye vitambi. Akasita. Najua alichokuwa anajaribu kujizuia.

"Hodi," akasema.

Wageni wasiotujua wakaitikia karibu. Lakini Mwalimu Nzunda alikuwa ameshainua kofia yake kutoka kwenye nyusi. Alimwelekezea Skola kidole. Debe halikuwepo, nyumba za siku hizi hazina madebe. Nikashika ndoo ya plastiki ya kuoshea vyombo, nikamwaga maji, nikaipiga kwa mwiko. Sauti yake ilikuwa mbaya, kama ya mtu anayekohoa. Haidhuru. Kabla sijapiga mara ya pili darasa zima lilikuwa limesimama: mwenye maduka Mlowo, dereva wa malori, mwinjilisti, Tusekile na goti lake bovu, wengine soda bado mkononi, wote wamesimama pamoja, haraka kuliko siku ile, na wake zao na waume zao wanawaangalia kama wamepata wazimu.

"Kaeni," Skola akasema. "Nipokeeni kwanza mzigo, shingo inakatika."

Nilikwenda nikaupokea, kwa mikono miwili.